Kipimajoto Namba Saba

Mwezi uliopita, kwenye kivuko cha kwenda Sengerema, mama mmoja mnene mwenye kitenge cha njano alinikodolea macho tangu tunaondoka Kamanga mpaka katikati ya maji, kisha akaja akanipiga bega. "Consolata! Bado unawatetea Wazungu?" Alikuwa Ester, mchapaji wetu wa zamani, ambaye sikuwa nimemwona kwa zaidi ya miaka ishirini. Tulikumbatiana tukaziba njia ya watu wenye mabeseni na magodoro, wakatusema, tukawaachia waseme. Tulipofika ng'ambo tuliingia kwenye kibanda cha chai, na wala hatukuanza na habari za watoto na wajukuu. Alichoniuliza kwanza ni kama namkumbuka Mzee Maganga na kipimajoto. Nikamwambia mambo mengine mtu hasahau hata akiombewa. Mawakili vijana hupenda kuniuliza nilianzaje kazi hii ya kesi zinazovuka mipaka, uchunguzi wa makampuni na kuhakikisha watu wanafuata taratibu, wakidhani nitawatajia chuo fulani cha Ulaya. Huwa nawadanganya. Nawaambia nilianza kwa bidii na kumtegemea Mungu. Ukweli ni kwamba nilianza kwa kosa, tena kosa nililolifanya kwa usahihi mkubwa, na naliandika hapa kwa sababu Ester amesema nisipoliandika mimi ataliandika yeye, na yeye hana huruma.

Ilikuwa miaka ile ya tisini, soko huria limeingia na Mwanza imejaa wageni wenye mikoba. Wengi waliletwa na sangara. Minofu ilipanda ndege kwenda Ulaya, sisi tukabaki na mapanki, yaani vichwa na mifupa iliyobaki, ambayo yakikaangwa vizuri yakapata chumvi na ndimu hayana ubaya wowote. Ofisi yetu ilikuwa juu ya duka la vitambaa, Mtaa wa Rufiji, vyumba viwili tu. Chumba cha mbele alikaa Ester na taipureta yake, na mimi kwenye meza iliyowahi kuwa ya chakula, ndiyo maana ilikuwa na alama za masufuria, na mteja akiweka hati zake juu ya alama hizo nilijisikia kama nampakulia. Chumba cha nyuma kilikuwa cha mwajiri wangu, Wakili Kamugisha, Mhaya wa Bukoba aliyeamini kwamba Kiingereza huwa na nguvu zaidi kikisemwa polepole. Mashine ya faksi ilifunikwa kitambaa cha kufuma, na hakuna aliyeruhusiwa kuifunua bila yeye kuwapo au kuacha ruhusa. Saa saba mchana Mama Sabina alipanda ngazi na ugali na sato wa mchuzi, sahani imefunikwa kwa sahani. Kamugisha alianza kula kwa uma na kisu, na mlango wake ukishafungwa tulisikia uma umewekwa chini. Siku zote Ester alininong'oneza, "Ameshuka Bukoba sasa."

Basi kampuni moja ya Uholanzi ikataka kununua hisa kwenye kiwanda cha minofu kule Igogo. Kabla ya kununua ikamtuma mwanasheria wake, Bwana Hendrik, aje achunguze kama kiwanda kinafuata taratibu, na sisi tukawa mawakili wake wa hapa. Kamugisha alikuwa na kesi Mahakama Kuu wiki ile, kwa hiyo kazi ikaniangukia mimi, mwenye miaka ishirini na saba na suti moja ya mtumba kutoka soko la Mlango Mmoja, iliyokatwa kwa ajili ya mwanamke mrefu kuliko mimi. Ningependa kusema Hendrik alikuwa mtu mbaya, ingenisaidia sana katika kusimulia. Hakuwa mbaya. Alikuwa mtu mwangalifu, mwekundu wa shingo, aliyesema asante hata kwa mlinzi aliyemchelewesha getini. Alikuwa na orodha ya kila kitu kilichomo kiwandani, visu, aproni, mabuti, mpaka vipimajoto vya kupimia ubaridi wa samaki, kila kimoja na namba yake. Tulizunguka na orodha hiyo siku tatu, mabuti yangu ya kuazima yakinivuka. Siku ya tatu akasimama akaigonga karatasi kwa kalamu. Kipimajoto namba saba hakikuwapo.

Kipimajoto hicho cha akiba kilikuwa chini ya Bwana Pazi, mkuu wa ubora, Mzaramo wa Kisarawe, mwembamba, koti lake jeupe limepigwa pasi mpaka mfukoni. Stoo ilikuwa ya Mzee Maganga, Mnyamwezi wa Tabora, mfupi, mwenye sauti ya kuita ng'ombe. Wanyamwezi na Wazaramo ni watani, hilo halihitaji wakili, na hawa wawili walitaniana kila siku ya kazi tangu walipokutana, bila kupumzika hata siku ya Idi. Asubuhi Pazi akiingia getini alipokewa na, "Mzaramo, umeamka? Na mimi nishawaambia vijana wachimbe!" Naye hujibu, "Wapagazi, mizigo ile pale, bebeni!" Miezi miwili kabla Hendrik hajafika, mama yake Pazi alifariki kule Kisarawe, na matanga yakawekwa pia nyumbani kwa Pazi, Kirumba. Maganga akafanya kazi ya mtani. Alijilaza mlangoni wafiwa wasipite, akavaa kanzu ya Pazi mbele nyuma, akaigiza namna Pazi anavyolia, mpaka Pazi, ambaye hakuwa amekula kwa siku mbili, akacheka na kuomba uji. Wakati wa kuondoka, Maganga akatia mkono kwenye lile koti jeupe lililotundikwa nyuma ya mlango, akatoa kipimajoto, akatangaza mbele ya waombolezaji kwamba amekikamata na hakirudi mpaka aletewe jogoo. Pazi akajibu kwamba ni afadhali afe. Tangu hapo jogoo hakuletwa, kipimajoto hakikurudi, na wote wawili walikuwa na furaha.

Hendrik aliwahoji katika kachumba kalikopakana na chumba cha baridi, ukuta mmoja unatoa jasho. Alinipa sharti moja kabla hatujaanza: nitafsiri neno kwa neno, nisiongeze, nisipunguze, nisieleze. Akaingia Pazi, akakaa, akakunja miguu.

"Kipimajoto namba saba kiko wapi?"

"Ameiba Maganga," Pazi akasema, macho yanacheka.

"Una hakika?"

"Mwambie Wanyamwezi wote wezi, mama. Babu zao walibeba mizigo ya watu toka bara mpaka pwani, mzigo ukifika, nusu."

Nikatafsiri. Hendrik akaandika.

"Amewahi kukutishia?"

"Kila siku ya Mungu. Jana kaniambia nikifa ananizika kwenye gunia la chumvi."

Nikatafsiri gunia, nikatafsiri na chumvi. Hendrik akaacha kuandika, akamtazama kwa huruma, akamsogezea glasi ya maji. Pazi akanywa yote kwa heshima, akidhani kwao Uholanzi ndivyo mahojiano yanavyomalizwa. Kisha akaingia Mzee Maganga, kofia mkononi. Nikampa shikamoo, akaitikia, "Marahaba, mwanangu," akakaa kwenye kiti ambacho bado kilikuwa na joto la mtani wake, akakipangusa kwanza.

"Ulichukua kipimajoto?"

"Nilichukua mwenyewe, mchana kweupe, shehe anaona."

"Utakirudisha?"

"Sirudishi."

"Hata ukiamriwa na kampuni?"

"Hata aje nani. Alete jogoo kwanza."

"Na asipoleta?"

"Nakaa nacho mpaka nimzike, halafu narithi na mke."

Hendrik aliniomba nirudie hiyo ya mwisho. Nikarudia, kwa Kiingereza safi kabisa.

Kwa miaka mingi nilipowasimulia watu kisa hiki nilijitetea kwa lile sharti. Niliambiwa nisieleze, sikueleza. Sasa nimezeeka na sina haja ya kumpendeza mtu. Nilijua ni utani, hata mtoto wa Ukerewe anajua. Ila niliona aibu. Nilikuwa nimekaa pale na suti yangu, nikijiona wakili wa kimataifa, na sikutaka kumwambia Mzungu aliyekuja na orodha yenye namba kwamba sisi huku tuna sheria nyingine ambayo inaruhusu mtu kukutukana msibani na kuondoka na kitu chako. Niliogopa atanicheka. Niliporudi ofisini nilimpa Ester mahojiano yale mawili ayachape kama hati za kiapo, na alicheka mpaka akaharibu karatasi mbili za kaboni. Nikamgombeza, nikamwambia hii ni hati ya kisheria. Akafuta machozi akaniuliza, "Dada, huyu Mzungu anajua hawa ni watani?" Nikamjibu kwamba hilo si swali la kisheria. Naweza kusema hilo ndilo jibu la kijinga kuliko yote niliyowahi kutoa katika kazi yangu, na nimetoa mengine. Wazee wawili wakasaini, kila mmoja akimsifia mwenzake kwa kuandika vibaya, na jioni hiyo faksi ikafunuliwa kitambaa.

Kamugisha alisoma nakala kesho yake, baada ya chakula. Kwanza tulisikia kicheko, cheko la Kihaya lenye vituo. Kicheko kikakatika ghafla, mlango ukafunguka. "Umeshatuma?" Nikamwambia nimetuma. Akavua miwani. "Consolata, umeandika kwamba mzee wa watu ameiba mali ya kampuni, amekiri, amekataa kuirudisha, amedai malipo, ametishia kuua na kupora mke. Kwa ukurasa mmoja na nusu. Waendesha mashtaka wa serikali wanahangaika mwaka mzima hawapati kitu kama hiki." Wiki haikuisha, jibu likaja: Maganga asimamishwe kazi mara moja, Bwana Hendrik atarudi baada ya wiki tatu, mzee afukuzwe na akabidhiwe polisi, ama sivyo hisa hazinunuliwi. Nikaandika barua ya kueleza utani, kurasa nne. Wakajibu wakiomba nitaje sheria inayohusika na kifungu chake. Nikaandika kwamba ni mila. Wakauliza mila hiyo imesajiliwa wapi. Wakati huo Maganga alikuwa anashinda kwenye kiti nje ya nyumba yake Igogo, amevaa sare ya kiwanda kila asubuhi kana kwamba gari la kazini litampitia. Nilipita pale siku moja nikamkuta anatazama barabara. Hakunitania hata neno moja, nikarudi ofisini sikuweza kula.

Kamugisha alishikilia kwamba mtu hafukuzwi bila kusikilizwa, kwa hiyo kikao kikapangwa kwenye chumba cha mikutano cha kiwanda. Hapo nikafanya kosa la pili. Niliwaita wale wazee wawili nikawaonya: huyu Mzungu hajui mambo yetu, mbele yake msitaniane, semeni kwa adabu, vaeni vizuri. Walinitii, jamani. Maganga alikuja na suti ya kijivu, Pazi na kanzu na koti. Walikaa wamenyooka, hawatazamani. Hendrik alipomwuliza Pazi kama anamwogopa Maganga, akajibu, "Ndugu Maganga ni mfanyakazi mwenzangu, namheshimu." Maganga naye akasema, "Mheshimiwa Pazi ni mtu mwema." Mheshimiwa! Nilitamani dari inidondokee. Kwa miaka yote ile watu hao hawakuwahi kuitana kwa heshima, na siku moja tu niliyohitaji matusi yao ndiyo siku waliyokaa kama wakwe. Hata mimi niliyejua nilianza kuona uadui. Nikasimama nikasema neno utani, nikasema mila, nikasema desturi ya kale, na kila nilichosema kwa Kiingereza kilitoka kama uongo wa wakili. Hendrik alinisikiliza mpaka mwisho, akasema asante, akafungua faili lake na kusoma uamuzi, ambao wenye kiwanda walikwishaukubali ili hisa zinunuliwe. Nje, kwenye benchi, koplo wa polisi alikuwa anasubiri, anatafuna panki.

Nikatafsiri uamuzi: anafukuzwa kazi leo, anakwenda kituoni leo. Maganga akakunja kofia yake mara mbili, akauliza kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Kituoni nalala huko huko?" Ndipo Pazi akainuka. Alivua koti akalitupa sakafuni, akashika kichwa kwa mikono miwili, akapiga ukelele uliowatoa wakata minofu kwenye meza zao. "Amekufa! Mnyamwezi wangu amekufa! Nani atanitukana asubuhi?" Kabla hatujajua la kufanya alikwishafika mezani, akalikwapua faili la Hendrik, akaenda kujilaza kizingitini, faili chini ya kichwa. "Hatoki mtu! Hii maiti yangu, na haya makaratasi yake nimekamata. Jogoo!" Maganga, aliyekuwa karibu kulia, akaanza kutikisika mabega. "Mzaramo," akasema, "hata mto wa kulalia unaiba?"

Hendrik alimwita koplo amwondoe mtu huyo mlangoni. Koplo akaja, akasimama upande wa pili wa Pazi, akamtazama, akamtazama na Maganga, akauliza kabila zao. Alipojibiwa alipangusa mikono kwenye suruali, akarudi nyuma hatua moja. "Mimi mwenyewe Mnyamwezi wa Nzega, bosi. Hapa pana msiba na huyu ni mtani. Siwezi kumgusa. Leteni jogoo, yaishe." Hendrik akanigeukia, shingo imekuwa nyekundu mpaka masikioni. "Wanasema nini?" Nilikuwa na maneno yote tayari, neno kwa neno, na nikayaacha. Nikamwomba aandike kwenye kumbukumbu za kikao kwamba mimi, wakili wake, siku ya mahojiano nilijua watu hawa ni watani, nilijua kwamba hakuna kitisho wala wizi, na sikumweleza kwa sababu niliona aibu. Kamugisha akatazama dari. Nilijua naweza kumpoteza mteja yule, na kazi, na pengine leseni. "Kwa hiyo kile hakikuwa wizi," Hendrik akasema. Nikasema hapana. Akamnyooshea kidole Pazi, ambaye sasa alikuwa anaomba shuka. "Na hili?" Nikasema hata hili. Akamtazama koplo, ambaye alikuwa ameanza kumpepea Pazi kama maiti kwa kofia yake. Nadhani ni huyo koplo aliyemshawishi, maana kurasa zangu nne hazikuweza.

Lakini mwanasheria ni mwanasheria. Alikubali kulikomboa faili, ila akakumbuka kwamba kampuni yake inamkataza kumpa mtu yeyote kitu chochote cha thamani ili jambo lake lipite. Je, jogoo si hongo? Akataka maoni ya kisheria, kwa maandishi, papo hapo. Nikayaandika kwa mkono, Pazi akinihimiza kutoka sakafuni kwamba mgongo unamuuma. Niliandika kwamba hongo huliwa na mmoja kwa siri, na jogoo wa mtani huliwa hadharani na wote waliokuwapo, akiwemo mtoaji, na kwamba mtoaji asipokula ukombozi ni batili. Hayo yakawa maoni yangu ya kwanza katika taaluma hii, na mpaka leo sijayabadilisha. Hendrik aliyasoma mara mbili, akaweka saini pembeni, akamtuma dereva sokoni. Kisha akachukua kalamu akaukata uamuzi wake kwa mstari mmoja mrefu, akampa Maganga mkono.

Jogoo alipikwa na akina mama wa jikoni kiwandani, mchuzi ukarefushwa utoshe watu wote, na Hendrik akala paja kwa mikono, kwa sababu Kamugisha, Mungu amweke pema, alimtangulia kuonyesha mfano mlango ukiwa wazi. Maganga akatoa kipimajoto kwenye soksi, akakitumbukiza kwenye mchuzi, akamsomea Pazi namba kwa sauti ya mkaguzi. Mimi nilikaa pembeni, sikuweza kumtazama. Akaja akakaa karibu nami na sahani yake. "Mwanangu," akasema, "ile karatasi yako nilisomewa. Kila neno langu. Hukuongeza, hukupunguza." Nikashusha pumzi, nikadhani nimesamehewa. "Lakini walivyokuwa wananisomea, nilimwogopa huyo mtu wa kwenye karatasi. Nikasema moyoni, huyu kweli afungwe tu." Hakuwa anatania. Akatafuta kwenye sahani yake akatoa firigisi, ambayo kwetu mwanamke hapewi, akaniwekea kwenye ugali wangu, nami nikaila huku nalia.